Keto, wanga kidogo, au ugali uleule kwa kiasi: njia ipi utadumu nayo?

Ukitangaza leo Dar es Salaam au Mombasa kwamba unataka kupungua, hutakosa washauri. Mmoja atakwambia uache ugali, wali na chapati kuanzia kesho. Mwingine atasema punguza tu, ila usiku usiguse wanga. Muuguzi wa kliniki atakwambia ule kila kitu kwa kiasi. Kila mmoja ana watu wa kukuonyesha waliopungua kwa njia yake. Wapo pia walioanza Januari kwa njia hizohizo, Pasaka ikawakuta palepale.

Swali linaloulizwa sana ni kilo ngapi zitatoka mwezi wa kwanza. Kwangu hilo ndilo swali dogo kuliko yote. Ninalotaka ujiulize ni hili: ukifika mwezi wa sita, nguo zimeshalegea, watu wameshaacha kukusifu, mizani imegoma kushuka, bado utakuwa unakula hivyo? Nimelinganisha njia hizi tatu kwa jicho hilo.

Zenyewe ni zipi

Keto ndiyo kali kuliko zote. Wanga wa siku nzima hauzidi gramu 50, na wengi huanzia 20. Kwa kipimo hicho ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo, mkate, uji, sukari, maharage na karibu matunda yote hutoka mezani. Hubaki nyama, samaki, mayai, mboga za majani, parachichi, nazi, mafuta, na karanga kwa kupima. Mwili ukikaa siku chache bila wanga, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo na misuli hupata nguvu humo. Mlo huu haukutungwa kwa ajili ya vitambi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hutumika kwa watoto ambao dawa za kifafa hazikuwasaidia.

Njia ya pili naiita wanga kidogo: kati ya gramu 80 na 130 kwa siku. Ugali upo, mara moja kwa siku, wa ukubwa wa ngumi yako. Maharage yapo, tunda lipo. Vinavyotoka ni sukari ya kwenye chai, soda, juisi, maandazi, chapati za asubuhi na ule wali wa usiku.

Ya tatu haikatazi chakula chochote. Nusu ya sahani ni mboga, robo ni samaki, nyama au maharage, robo ndiyo ugali au wali, na mafuta ya kukaangia yanapimwa kwa kijiko. Kliniki nyingi za kisukari hufundisha sahani hii.

Kabla ya kuchagua, jua unatoka wapi. Watu wengi hushtuka wakihesabu kwa mara ya kwanza. Haya ni makadirio:

| Chakula | Wanga (gramu) |
|---|---|
| Ugali, sahani ya kushiba (unga gramu 150) | 115 |
| Wali, sahani ya mama lishe (gramu 350 ukishaiva) | 100 |
| Ndizi za kupika, gramu 300 | 90 |
| Chapati moja | 40–45 |
| Maharage yaliyopikwa, kikombe | 40 (humo nyuzinyuzi zaidi ya 10) |
| Soda ya mililita 350 | 37 |
| Ndizi mbivu moja | 27 |
| Chai yenye vijiko vitatu vya sukari | 12 |
| Nusu parachichi | 8 (sehemu kubwa ni nyuzinyuzi) |
| Mayai mawili | 1 |
| Samaki, nyama | 0 |

Anayekunywa chai na maandazi mawili asubuhi, ugali mchana, soda saa kumi na wali usiku anapita gramu 300 bila kujiona mlafi. Na tusidanganyane kuhusu dona: ina nyuzinyuzi na virutubisho kuliko sembe, ni unga bora, lakini wanga wake unakaribia kuwa uleule. Ulezi na mtama hali kadhalika. Nimewaona watu wakiacha wali kwa bidii huku wanakunywa bakuli kubwa la uji wa ulezi wenye sukari, kisha wanashangaa mizani haishuki.

Kilo: mbio za mwanzo na mwisho wa mwaka

Wiki ya kwanza keto huziacha mbali njia nyingine. Mtu anashuka kilo mbili, tatu, anaona miujiza. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo. Mafuta ya tumboni hayajaguswa sana bado.

Lijue hili mapema, kwa sababu linafanya kazi na kinyume chake. Ukila pilau ya harusi Jumamosi, Jumatatu mizani itasoma kilo mbili zaidi. Hujanenepa kilo mbili kwa siku mbili. Akiba imejaa na maji yamerudi. Wengi huvunjika moyo asubuhi hiyohiyo, wanasema kazi yote imekwenda bure, wanaacha. Ukiielewa hesabu ya maji utarudi kwenye mpango wako Jumatatu hiyo, na kufikia Ijumaa maji yameshaondoka.

Ukirefusha muda picha inabadilika. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 63, nusu wakila mlo wa wanga kidogo sana na nusu mlo wa kawaida wa kupunguza mafuta na kalori. Miezi sita ya mwanzo, wale wa wanga kidogo walikuwa mbele waziwazi. Mwaka ulipoisha, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuitegemea kitakwimu. Nchini Israel, jaribio la watu 322 lililochapishwa 2008 liliwafuata kwa miaka miwili: wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 4.7, mlo wa Mediterania (mboga, samaki na mafuta ya zeituni) kilo 4.4, mafuta kidogo kilo 2.9. Kisha mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609. Baada ya miezi 12, wanga kidogo walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.0 na mafuta kidogo kilo 5.3. Kitakwimu ni sare.

Mambo mawili ndani ya jaribio hilo la Stanford yananivutia kuliko wastani wenyewe. Kwanza, katika kila kundi walikuwepo waliopungua karibu kilo 30, na walikuwepo walioongezeka. Pili, wa wanga kidogo waliambiwa waanze na gramu 20 kwa siku, kisha waongeze pole pole hadi kiwango wanachoona wanaweza kuishi nacho. Mwaka ulipokwisha walikuwa wanakula karibu gramu 130. Yaani watu waliokuwa na wataalamu wa lishe wa kuwafundisha mara kwa mara, walipoachiwa wachague wenyewe, walitoka keto wakatua kwenye njia ya pili. Mimi nalichukua hilo kwa uzito mkubwa.

Njaa

Hapa keto inashinda, na niseme hivyo bila kuzunguka. Ketoni zikishapanda, njaa inapoa. Kuna watu ambao maisha yao yote wamekuwa wakiwaza chakula kijacho, wakiingia keto kichwa kinatulia kwa mara ya kwanza. Nafuu hiyo ni ya kweli, na kwao ni kubwa kuliko kilo.

Lakini kuifikia kuna malipo. Kuanzia siku ya pili hadi wiki kuisha, wengi huumwa kichwa, hulegea, hukosa usingizi, huhisi kama wana homa. Wanga ukipungua insulini hushuka, figo hutoa chumvi nyingi zaidi, na maji huifuata. Supu ya mifupa yenye chumvi, maji ya kutosha na mboga za majani hupunguza shida hiyo sana. Choo kigumu nacho ni kero ya kweli kwa asiyekula mboga nyingi. Mwenye presha asijiongezee chumvi bila kuzungumza na daktari wake.

Njia ya pili haina homa hiyo, au ni ndogo mno. Kinachomshibisha mtu hapa ni protini na mboga, kwa hiyo usipunguze vyote kwa pamoja. Nimekuta watu wanakata ugali nusu na samaki wanabaki na kipande kilekile kidogo. Lazima watalala njaa. Ugali ukipungua, kitoweo na mboga viongezeke.

Njia ya tatu ndiyo yenye njaa zaidi wiki za mwanzo. Sahani ya kushiba ikikatwa nusu tumbo hulalamika, na ladha ileile ya wali uliokoza nazi inakuita uongeze. Kuna watu wenye uwezo wa kuishia hapo kila siku. Wengine kijiko cha kwanza kikishaingia hawawezi, na kwao ni rahisi kuacha wali kabisa kuliko kuula kidogo. Jitazame wewe ni wa kundi gani, maana hilo linaamua mengi.

Fedha na jiko la nyumbani

Makala nyingi za keto zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake karibu na duka kubwa lenye jibini, unga wa lozi na krimu. Nyumba zetu haziko hivyo. Chungu ni kimoja, watu ni saba, na anayepika pengine siye anayepungua.

Unga na mchele ni nishati ya bei nafuu. Ukiondoa gramu 250 za wanga umeondoa kalori 1,000, na hata kama unataka kupungua, sehemu ya pengo hilo lazima uijaze kwa kitu. Kwenye keto ni nyama, samaki, mayai, nazi na mafuta, vyote ghali kuliko unga kwa kila shibe. Keto ya bei ya chini inawezekana: mayai, dagaa, vibua, supu ya makongoro, kabichi la kukaanga, mchicha wa nazi, parachichi wakati wa msimu wake. Inawezekana, ila ndani ya wiki mbili ni vilevile vilevile, na uchovu wa ulimi huua mipango mingi kuliko njaa.

Njia ya pili inapumua hapo kwa sababu ya maharage, kunde na choroko. Keto inaviondoa, na kwa kipato cha kawaida cha Mtanzania au Mkenya hilo ni pigo kubwa. Maharage yana wanga, ndiyo, lakini yana protini na nyuzinyuzi, sukari yake huingia damuni taratibu, na yanashibisha. Dagaa ndio hazina yetu nyingine. Wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, omena kwa ndugu zetu wa Kenya, wakipikwa na nyanya, vitunguu na matembele mengi, na pembeni ugali wa ngumi moja, ni mlo kamili wa kupungua ambao hauhitaji duka lolote la pekee.

Siku moja ya njia ya pili inaweza kwenda hivi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, nusu parachichi na chai ya tangawizi bila sukari. Mchana ugali wa ngumi moja, dagaa, na mboga za majani zijae sahani. Jioni kikombe cha maharage au kipande kikubwa cha samaki, mchicha au bamia, kachumbari, na kipande cha papai. Hiyo inatua kwenye gramu 100 hivi. Hakuna chungu cha pili kilichobandikwa kwa ajili yako. Familia inakula ugali na maharage kama kawaida, wewe umebadilisha vipimo tu.

Njia ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote, kwa sababu unanunua kilekile pungufu. Kwa mama anayelisha nyumba nzima kwa bajeti ya siku, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kuhusu mafuta, kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120. Wapo wanaoingia keto wakiamini mafuta hayanenepeshi, wanakula karanga kwa bakuli. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Kutokula wanga hakuzuii kunenepa.

Sinia, harusi na futari

Mlo wetu ni wa pamoja, na hapa ndipo njia kali zinapovunjika. Ukiwa kwenye msiba Tanga, mbele yako kuna wali maharage, na kukataa chakula cha msiba kunaumiza watu. Kwenye sinia la pilau Zanzibar huwezi kupima gramu. Mgeni akiandaliwa chapati na kuku Nairobi, au matoke Kampala, mwenyeji anatazama unavyokula.

Keto haina nafasi ya katikati. Sahani moja ya wali inakutoa kwenye ketoni, na kurudi huchukua siku mbili, tatu au zaidi, wakati mwingine pamoja na kichwa kuuma. Mwenye shughuli kila mwisho wa wiki, na Dar es Salaam vikao, send-off, harusi na arobaini havishi, anaingia na kutoka mwaka mzima. Anabeba shida za keto bila kuipata nafuu yake.

Kwenye njia ya pili unaweza kuhesabu matonge. Anza na nyama, samaki na kachumbari, kula pole pole ukizungumza na watu, kisha matonge sita ya wali, unanawa. Hakuna atakayekuuliza kitu, kwa sababu umekula. Njia ya tatu vivyo hivyo, alimradi uwe mtu wa kuweza kuishia la sita.

Ramadhani ina hesabu yake. Futari ya pwani imejaa wanga: tende, uji, viazi vya nazi, mihogo, ndizi, tambi, kaimati. Singemshauri mtu aanze keto mwezi huo, kwa sababu mwili unapoteza maji na chumvi zaidi wakati huna ruhusa ya kunywa mchana kutwa. Wanga kidogo unawezekana vizuri: tende tatu ndogo ni kama gramu 15 hadi 20, kisha supu, samaki, mboga, na kimoja tu kati ya vile vya wanga. Kimoja, siyo kionjo cha kila sahani.

Kuna jambo jingine la kijamii linalovunja moyo kuliko pilau. Kwetu mtu akikonda anaulizwa: “Mbona umepungua hivyo, unaumwa?” Wengine hawaulizi, wananong’ona. Miaka mingi kukonda kulihusishwa na ugonjwa na dhiki, na kunawiri na heri. Nimeona mama mtu mzima, sukari yake imeshuka vizuri, anarudia kula usiku kwa sababu mashoga zake walisema amezeeka uso. Andaa jibu lako mapema, fupi, lenye furaha: “Napunguza kwa makusudi, na daktari amefurahi.” Waambie wa nyumbani kabla hujaanza. Katika hili keto inaumiza zaidi, maana uso hubadilika haraka. Njia za taratibu huwapa watu muda wa kukuzoea.

Dawa kwanza, uchaguzi baadaye

Kama unatumia dawa za kisukari kama insulini, glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, usikate wanga kabla ya kuonana na daktari. Dozi yako ilipangwa kwa ugali ule uliokuwa unakula. Ukiuondoa na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia, pengine usingizini. Hii ni kweli kwa keto na kwa wanga kidogo pia. Wanaotumia empagliflozini au dapagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, wasiingie keto wenyewe, kwa kuwa dawa hizo pamoja na ukosefu wa wanga zinaweza kuifanya damu iwe na asidi kwa hatari, hata kipimo cha sukari kikisoma vizuri. Dawa za presha nazo huhitaji kuangaliwa upya, maana presha hushuka uzito na maji yakipungua.

Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye ugonjwa wa figo na waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula wasiifanye keto kwa ushauri wa rafiki. Na anayeifanya kwa miezi apime lehemu (kolesteroli), kwa sababu kwa baadhi ya watu lehemu mbaya hupanda sana.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili anayefuatiliwa kliniki, kupunguza wanga ni silaha kubwa. Sukari hushuka ndani ya siku, mara nyingi kabla uzito haujasogea. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika, amewafanya Watanzania wengi wajadili sahani zao kwa kusisitiza tule kidogo na tuachanishe milo. Mjadala huo umesaidia. Bado mwenye dawa mkononi anahitaji mtu wa kumpangia dozi.

Kinachoshikilia moyo, na kinachouvunja

Mwaka 2005 lilichapishwa jaribio lililogawa watu 160 katika milo minne maarufu Marekani, kuanzia wa wanga kidogo sana hadi wa mafuta kidogo sana. Baada ya mwaka, jina la mlo halikueleza nani kapungua. Lililoeleza ni jinsi mtu alivyoufuata. Ndiyo maana naona hamasa ni sehemu ya njia yenyewe, ya kuangaliwa siku ya kuchagua, wala si nguvu ya roho ya kutafutwa baadaye.

Hamasa ya keto inatoka kwenye kasi na kwenye sheria iliyo wazi. Hakuna kujadiliana na nafsi: chapati haimo, basi. Kwa watu wa ndiyo au hapana hii ni raha. Inavunjika kwa kosa moja, maana aliyevunja sheria huhisi amevunja yote, na siku moja inageuka wiki.

Wanga kidogo hauna wiki ya miujiza. Unaweza kushuka nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine usishuke kitu. Anayejipima kila asubuhi ataumia bure. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, ukitoka msalani, kabla ya chai. Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill. Robo tatu hivi ya watu hao hujipima angalau mara moja kwa wiki, na wengi hutembea au kufanya mazoezi karibu saa nzima kwa siku. Milo yao haifanani.

Mbali na mizani, tafuta futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, uandike. Lengo jepesi ni kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 160 alenge chini ya 80. Kuna wiki mizani imesimama kabisa na kiuno kimepungua sentimita mbili. Aliyekuwa na mizani peke yake angekata tamaa wiki hiyo.

Mizani itasimama, tena kwa muda mrefu, kwenye njia yoyote. Mwili wa kilo 78 unatumia nishati pungufu kuliko ulipokuwa 90, na homoni za njaa hupanda kadiri mafuta yanavyopungua. Hiyo haimaanishi mwili umeharibika. Hapo usikimbilie kukata zaidi. Angalia kwanza vilivyorudi kimyakimya: kijiko cha sukari, karanga za ofisini, bia za Ijumaa, mafuta yaliyozidi kikaangoni. Ongeza kutembea. Kisha kumbuka kwamba kupungua asilimia 5 tu, yaani kilo nne na nusu kwa mwenye 90, tayari kunaanza kusaidia presha na sukari. Umefika mahali pa maana hata kama suruali ya ujana haijaingia.

Njia ya tatu huvunjika taratibu, bila tukio. Ngumi ya ugali inakuwa ngumi na nusu, sahani ndogo inajazwa kwa kurundika. Hakuna siku utakayosema umeacha. Anayeichagua awe na kipimo kisichobadilika: kikombe kilekile cha kupimia wali, kila siku, hata akiwa na hakika na jicho lake.

Kwa njia zote, chakula kiwe tayari kabla ya njaa. Mayai ya kuchemsha kwenye mkoba, samaki aliyekwisha kaushwa jikoni, mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Saa moja jioni, umetoka kwenye daladala umechoka, chipsi mayai zinanukia kituoni. Kama nyumbani hakuna kitu, hapo hamasa haitakusaidia.

Ningemshauri nani achukue ipi

Kwa walio wengi, ningesema wanga kidogo, bila kusita. Unaingia kwenye jiko lililopo, unabaki na maharage na sinia, na unaondoa kile kinachodhuru zaidi: sukari ya kunywa na wanga wa mara tatu kwa siku. Ukishindwa vyote, acha soda, juisi na sukari ya chai peke yake kwa mwezi. Wapo ambao hilo tu linatosha kuanza kushuka.

Keto ningempa mtu anayejipikia, mwenye uwezo wa kununua kitoweo kila siku, asiye na shughuli nyingi za kijamii kwa miezi hiyo, na anayejijua kwamba kidogo kwake hakipo. Ningempa pia mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambaye daktari wake amekubali na anapima sukari mara kwa mara. Nao wapange tangu mwanzo watatokaje.

Njia ya tatu inamfaa mama anayenyonyesha akishashauriana na kliniki, mzee mwenye hamu ndogo ya kula, mfanyakazi wa kazi za mikono anayehitaji ugali wake, na mtu mwenye kilo chache tu za kuondoa.

Unaweza kubadilisha njia katikati. Kuanza na keto wiki sita kisha kuhamia wanga kidogo ni mpango mzuri, ukiufanya kwa hatua. Ongeza gramu 10 hadi 15 za wanga kwa siku, kaa hapo wiki nzima, kisha ongeza tena. Anza kwa kurudisha maharage na kunde, halafu tunda moja, halafu kiazi kitamu kidogo, na ugali mwishoni. Kilo moja au mbili za maji zitarudi, usizihesabu. Hesabu kiuno: kikiongezeka sentimita mbili na kukaa hivyo wiki mbili, rudi hatua iliyotangulia, ubaki hapo.